Kushusha BMW 320i (E90) kwa resori fupi nyumbani, kwa barabara za Lubumbashi

Kijana wa Kamalondo

Wakubwa zangu na ndugu zangu, salamu. Nina BMW 320i ya umbo la E90, ya mwaka 2007, ya petroli na gia za mkono, ambayo ilinunuliwa Ubelgiji ikiwa imetumika na kuletwa huku na usukani wake wa kushoto. Resori (springi) zake ni zile za kiwandani, na amortiseri (shokamzoba) pia sijawahi kuzibadilisha, ingawa hakuna hata moja inayovuja mafuta. Pengo lililopo kati ya tairi na tao la bodi halinipendezi, na kila ninapopiga kona kwa kasi katika barabara ya Kipushi gari hulalia upande kuliko ninavyotaka. Nimepata mtu wa kuniagizia resori fupi za Eibach, ambazo anasema zitashusha gari milimita 30 mbele na pungufu kidogo nyuma. Nyumbani nina uwanja wa saruji, kriki (jeki) ya magurudumu, stendi nne za chuma na seti kamili ya spana.

Naomba mawazo yenu katika mambo matatu. Je, kushusha kwa kiasi hicho kunafaa kwa barabara zetu? Je, kazi yenyewe naweza kuifanya nyumbani pamoja na ndugu yangu mmoja? Na je, ni lazima nibadilishe amortiseri pia? Ninauliza kwa sababu kuna rafiki anayeniambia nikate tu mzunguko mmoja wa resori nilizo nazo na kubaki na dola zangu mfukoni.

Fundi wa Kampemba

Mdogo wangu, nitaanza na swali lako la tatu, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. Amortiseri isiyovuja si lazima iwe nzima. Resori kazi yake ni kubeba uzito na kubonyea. Ikishabonyea huwa imehifadhi nguvu, na nguvu hiyo ingelifanya gari lipande na kushuka mara nyingi kama kusingekuwa na kitu cha kuituliza. Amortiseri ndiyo huituliza, kwa kulazimisha mafuta yapite katika matundu membamba ya pistoni hadi nguvu ile igeuke kuwa joto. Mafuta huchakaa, vali hulegea na gesi hupungua polepole mno, kiasi kwamba dereva anayelitumia gari lake kila siku huzoea na kudhani kwamba ndivyo gari lilivyozaliwa. Wewe una amortiseri za 2007. Zimepita katika mashimo ya Ulaya machache na ya kwetu mengi.

Resori fupi huwa pia ni ngumu kuliko ile ya kiwandani, kwa hiyo hurudi juu kwa nguvu zaidi, na amortiseri iliyochoka haiwezi kuzuia kurudi huko. Matokeo yake ni gari linalorukaruka kwenye lami iliyokwaruzwa na malori, jambo ambalo wengi huliita ugumu wakati kwa kweli ni ulegevu. Jambo la pili ni kwamba gari likishuka milimita 30, pistoni nayo hukaa milimita kama 30 chini zaidi ndani ya bomba lake, na nafasi ya kwenda chini hupungua kwa kiasi hicho hicho. Ndiyo maana watengenezaji wengine wana amortiseri za aina mbili: Bilstein, kwa mfano, wana B6 kwa gari la kimo cha kawaida, na B8 iliyofupishwa mahsusi kwa resori fupi. Kwa hiyo jibu langu ni hili: ikiwa fedha zinatosha kitu kimoja tu, nunua amortiseri mpya na uache resori za kiwandani mahali pake. Huenda ukagundua kwamba ule mlalo unaokusumbua katika kona ulitoka huko.

Mpenda Kasi wa Golf

Mkubwa fundi, kwa heshima zote, naona unamtisha kijana. Mimi naona E90 na E46 (umbo lililoitangulia E90) nyingi zimeshushwa hapa mjini, tena nyingine kwa milimita 40, na zinatembea. Isitoshe, wewe mwenyewe umesema kwamba resori fupi ni ngumu zaidi. Ikiwa ni ngumu zaidi, basi haitabonyea sana kama ile ya zamani, na nafasi iliyopotea itakuwa imefidiwa na ule ugumu. Ulaya wanauza maelfu ya seti hizi, na si watu wasiojua kazi.

Fundi wa Kampemba

Hoja yako inasikika vizuri, na ndiyo inayowapoteza wengi, kwa hiyo tuifanyie hesabu badala ya kubishana.

Chukua mfano wa pembe moja ya mbele inayobeba kilo 350 za bodi na injini. Tuseme resori ya kiwandani huhitaji nyutoni 30 ili ibonyee milimita moja. Gari likiwa limesimama tu, resori hiyo imekwisha kubonyea milimita 114 hivi. Tuseme resori fupi huhitaji nyutoni 38 kwa milimita, yaani imekazwa kwa zaidi ya robo. Uzito ule ule utaibonyeza milimita 90 tu. Ugumu peke yake, basi, ungeliinua gari milimita 24, na mtengenezaji hulazimika kuifupisha resori kwa milimita 54 ili gari lishuke 30. Hii ndiyo sababu ukiziweka resori mbili sakafuni, ya zamani na mpya, tofauti ya urefu huwa kubwa kuliko kile kilichoandikwa kwenye boksi. Usishtuke siku utakapoziona.

Sasa tuje kwenye nafasi. Tuseme toka mahali gari liliposimama hadi kwenye mpira wa kikomo, ule unaozuia chuma kisigongane na chuma, kulikuwa na milimita 80, na baada ya kushusha zimebaki 50. Nguvu ambayo resori inaweza kuimeza katika safari hiyo ni nusu ya ugumu wake ukizidishwa kwa nafasi, kisha kwa nafasi ile ile tena. Kwa resori ya zamani tunapata juli 96. Kwa resori mpya, pamoja na ugumu wake wote, tunapata juli 47 na nusu. Imepungua nusu nzima, kwa sababu nafasi huzidishwa mara mbili wakati ugumu huzidishwa mara moja. Ili resori mpya imeze kiasi kile kile cha zamani ndani ya milimita 50 ingehitaji nyutoni 77 kwa milimita, ambazo ni zaidi ya mara mbili na nusu ya kiwanda, na ukiwa na resori ya namna hiyo utakuwa na gari la mashindano lisilobebeka kwenda nalo sokoni.

Hizo ni namba za mfano, na kila gari lina zake, lakini kanuni haibadiliki. Ulaya inawezekana kwa sababu tairi hukutana na shimo kwa nadra. Hapa kwetu nguvu ambayo resori imeshindwa kuimeza humezwa na mpira wa kikomo, kisha na kikalio cha juu cha amortiseri, kisha na rimu. Hizo E90 unazoziona zinatembea, ndugu yangu, mwulize mwenye gari amebadilisha vikalio vya juu mara ngapi.

Kijana wa Kamalondo

Asante sana, mkubwa. Hesabu hiyo nimeielewa, na ya nafasi nimeirudia mwenyewe kwa milimita 15 badala ya 30, nikaona kwamba hasara ni ndogo zaidi. Lakini je, kushusha hakuna faida yoyote ya kweli? Na kuhusu kukata resori hukunijibu.

Fundi wa Kampemba

Faida ipo, ila ni ndogo kuliko macho yanavyodhani. Ikiwa kitovu cha uzito wa gari kiko milimita 550 kutoka ardhini, na ukakishusha hadi 520, uzito unaohama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje katika kona hupungua kwa asilimia 5 na nusu hivi. Dereva makini ataisikia. Lakini mbele ya E90 amortiseri imesimama wima na kushikwa chini na mikono (vyuma vinavyounganisha gurudumu na gari), na mikono hiyo ikishuka kupita usawa wake wa kawaida, ile nukta ambayo bodi hulala kuizunguka hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito chenyewe. Kwa maneno mengine, ukishusha sana, bodi hupata mkono mrefu zaidi wa kujilaza, na ni ugumu wa resori tu unaoficha jambo hilo. Milimita 15 hadi 25 haina tatizo kubwa. Ukizidi hapo unalipa mara mbili.

Kuhusu kukata: resori yenye mizunguko sita inayofanya kazi, ukikata mmoja, inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, na hilo si baya lenyewe. Ubaya uko kwingine. Ncha iliyokatwa haikai tena katika kiti chake kama ile iliyotengenezwa kwa umbo la kiti, hivyo resori husukuma upande mmoja na kulazimisha pistoni ya amortiseri. Gari likiinuliwa, au tairi likidondoka katika shimo refu, resori fupi kupita kiasi hulegea kabisa na inaweza kurudi ikiwa imekaa mshazari. Nyuma ya E90 ni hatari zaidi, kwa sababu huko resori haikuzungushwa kwenye amortiseri bali imekaa peke yake juu ya mkono wa chini, na ikichomoka hakuna cha kuizuia. Wapo pia wanaoichoma resori kwa moto wa gesi hadi ilegee na kushuka. Hao sitawajadili; chuma cha resori kilipewa ugumu wake kwa moto uliopimwa, na moto wa gesi huufuta.

Dereva wa Himbi, Goma

Ninawasoma kutoka Goma, ambako mazungumzo haya kwetu ni ya anasa, kwa sababu nje ya barabara kuu za lami tunapita juu ya mawe ya volkano na hakuna anayethubutu kupoteza hata milimita 5. Lakini nataka kuongeza njia ya kati. BMW wenyewe walikuwa na mfumo wa michezo kwa E90, ambao uko chini ya ule wa kawaida kwa milimita 15 hivi, wenye resori na amortiseri zilizolinganishwa na kiwanda chenyewe. Kijana akipata seti hiyo nzima, hata zile resori zikiwa zimetumika na amortiseri zikiwa mpya, atapata karibu kila anachokitafuta. Je, mzee fundi anaonaje?

Fundi wa Kampemba

Naona umesema kweli, baba, na kama gari lingekuwa langu ndivyo ningefanya. Kijana azingatie jambo moja tu. BMW hawakuwa na resori moja kwa E90 zote. Walizichagua kwa kuhesabu pointi za kila kifaa kilichowekwa katika gari, tangu injini hadi kiyoyozi na dari la kioo. Resori za mbele zilizotoka katika gari la dizeli la silinda sita, ukiziweka katika 320i ambayo injini yake ni nyepesi, zitaliacha gari limeinua pua. Hata kwa resori mpya za dukani, soma karatasi yake uone uzito wa ekseli ya mbele unaokubaliwa, kisha ulinganishe na kibandiko kilichoko katika nguzo ya mlango.

Sasa kazi yenyewe. Inawezekana nyumbani, na hata umeme ukikatika si kitu, kwa sababu sehemu iliyo ya hatari zaidi inataka mkono wala haitaki mashine. Lakini usianze kama huna vibano vya resori vilivyo imara. Kibano cha kuazima chenye nyuzi zilizolika kirudishe ulikokitoa.

Kabla ya kuinua gari, liegeshe kwenye saruji iliyo sawa, jaza upepo wa matairi, kisha pima kila pembe kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa tao, na uandike. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu tairi lililochakaa litakudanganya. Legeza bolti za magurudumu gari likiwa chini, inua kwa kuweka kriki katika vile vikalio vya plastiki vilivyo chini ya ubavu, na uliache gari juu ya stendi. Matofali hupasuka bila kutoa taarifa, na kriki peke yake si kitu cha kumwamini mtu akiwa chini ya gari.

Mbele, chomoa waya wa kihisi cha ABS na mpira wa breki kutoka katika vishikizo vyake kwenye amortiseri, ufungue kijiti kinachoiunganisha na chuma cha stabilizeta, kile kinachopunguza bodi kulala katika kona. Kwa bahati nzuri gari hili husukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo mbele hakuna karda (shafti ya kuzungusha gurudumu) ya kukusumbua. Fungua bolti inayoibana amortiseri ndani ya fuze (kile chuma kinachobeba kitovu cha gurudumu), panua ule mdomo wa fuze kidogo kwa chombo cha bapa, na umwombe ndugu yako ashike amortiseri wakati wewe unafungua nati tatu za juu chini ya boneti. Fuze ishushwe taratibu na kuegemezwa, isije ikaning'inia kwenye mpira wa breki.

Hapa ndipo pa kutumia subira. Weka vibano viwili vikitazamana, kila kimoja kikiwa kimeshika mizunguko mingi kadiri inavyowezekana, na uvikaze kwa zamu, nusu mzunguko huku na nusu kule, kwa spana ya mkono. Mashine ya kukazia hupasha nyuzi moto na inaweza kuzitafuna kwa ghafla, na resori iliyobanwa ikiponyoka huvunja taya. Usiinamie juu yake wala usiielekeze mlangoni wanakopita watoto. Nati ya katikati usiiguse mpaka uone resori inacheza katika viti vyake vyote viwili. Pistoni ishikwe kwa ufunguo wa pembe sita uliotengenezewa kazi hiyo. Koleo likiikwaruza, sili itaanza kuvuja muda si mrefu, na amortiseri uliyoinunua kwa dola nyingi itakuwa imekufa kabla ya mvua za Novemba.

Unapounganisha tena, badilisha kikalio cha juu na beringi yake, mpira wa kikomo, mfuko wa kuzuia vumbi na nati ya katikati, maana vumbi letu jekundu husaga kila kitu linachokifikia. Ncha ya resori iguse kizuizi cha kiti chake. Kuhusu mpira wa kikomo, baadhi ya watengenezaji huagiza ukatwe kwa kipimo fulani. Kama karatasi haisemi hivyo, usiuguse.

Nyuma ni rahisi zaidi: unaegemeza mkono wa chini kwa kriki, unafungua bolti ya chini ya amortiseri na ile inayoushika mkono kwenye fuze, kisha unashusha kriki polepole hadi resori ilegee, unaitoa pamoja na mipira yake ya juu na ya chini. Mipira hiyo ikiwa imepasuka, ibadilishe, la sivyo itapiga kelele.

Mpenda Kasi wa Golf

Nimekubali, mkubwa, hesabu imenishinda. Lakini kuna jambo ambalo mafundi wengi hulikosea: wanakaza kila bolti gari likiwa bado juu.

Fundi wa Kampemba

Hapo umenisaidia, kwa maana nilikuwa nataka kulisema. Silenbloku ni mpira ulioshikamana na chuma pande zote mbili, na hugeuka kwa kujinyonga, si kwa kuteleza. Ukizikaza bolti zake magurudumu yakiwa yananing'inia, mpira utakaa umenyongwa maisha yake yote kila gari linaposimama chini, na utapasuka mapema. Kwa hiyo bolti za silenbloku zikazwe kwa mkono tu kwanza. Gari likishushwa, au kila mkono ukishainuliwa kwa kriki hadi kipimo cha tao kiwe kile cha gari lililosimama, ndipo zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Bolti za magurudumu zianzwe kwa vidole, kisha zikazwe kwa msalaba hadi nyutoni mita 120.

Kijana wa Kamalondo

Nashukuru sana. Maswali mawili ya mwisho. Taa zangu ni za zenoni, je, zitaathirika? Na paralelisme (kupima na kunyoosha magurudumu) niifanye siku hiyo hiyo?

Fundi wa Kampemba

E90 yenye zenoni ina vihisi vya kimo mbele na nyuma, vilivyofungwa kwenye mikono kwa vijiti vidogo. Vifungue kwa uangalifu, kwa sababu plastiki yake imekauka. Gari likishuka, kihisi hudhani kwamba limebeba mzigo na huinua au kuinamisha taa isivyostahili, kwa hiyo usawa wa taa upimwe upya, ama sivyo utawapofusha madereva wa malori wanaotoka Kasumbalesa usiku, na hao hawasamehi.

Paralelisme usiifanye siku hiyo. Liache gari litembee siku kadhaa katika barabara za kawaida ili resori na mipira vikae, pima tena tao la kila pembe, na kama tofauti ya kushoto na kulia haizidi milimita chache, nenda kwa mwenye mashine ya kupima magurudumu yote manne. Gari lililoshushwa huinamisha vichwa vya magurudumu kwa ndani, na watu hulaumu mwinamo huo tairi linapolika upande wa ndani, lakini mlaji mkubwa ni uelekeo wa magurudumu, ambao hubadilika pia gari linaposhuka na ambao hurekebishwa kwa dakika chache. Mwambie akupe karatasi ya vipimo vya kabla na vya baada.

Na kama matairi yako bado ni yale ya runflat yaliyokuja na gari, yenye mbavu ngumu za kutembelea bila upepo, fahamu kwamba nayo ni sehemu ya ule ukavu unaousikia. Wengi hapa wamehamia matairi ya kawaida. Lakini E90 haikuletwa na tairi la akiba, kwa hiyo ukihama, tafuta mahali pa kulibeba moja kabla hujaelekea Likasi.

Kijana wa Kamalondo

Nimeamua. Naagiza amortiseri nne, vikalio vya juu na mipira yake kwanza, za kimo cha mfumo wa michezo wa BMW, na resori zake za milimita 15 nitazitafuta kwa pointi za gari langu. Za Eibach nimemwambia yule mtu asiagize.

Fundi wa Kampemba

Vizuri. Agiza pia bolti za kubania fuze na nati za kujifunga, kwa maana hizo hazirudishwi zikishafunguliwa, na ukizisahau gari litakaa juu ya stendi likisubiri mzigo mwingine.